Mashimba Burudani Haina Haraka

Jumanne, 1 Julai

Leo banda langu la video limepata watazamaji wawili. Mmoja alikuwa amelala. Wa pili aliingia kuchaji simu, na alipoambiwa umeme ni wa wateja tu, akawa mteja.

Daraja jipya la Kigongo hadi Busisi limeniponza. Nalisema hapa tu, maana siku linafunguliwa nilishangilia kama wengine, hata bendera nilipunga. Lakini kampuni yangu, Mashimba Burudani, kampuni kubwa ya burudani kuliko zote kati ya Usagara na Kigongo (nyingine haipo), iliishi kwa foleni ya pantoni. Mtu wa kwenda Geita akikwama Kigongo, afanye nini? Anakaa kwenye benchi langu, anatazama ngoma. Miaka yote hiyo nimerekodi ngoma za Usukuma. Kabati zima la kanda! Sasa watu wanavuka ziwa bila hata kupunguza mwendo, macho kwenye simu. Na kwenye simu wanatazama nini? Ngoma. Za Annet.

Annet alikuwa mshika kamera wangu. Mtu wa Bukoba, mpole, shikamoo haziishi. Alinishauri turushe ngoma laivu mtandaoni, nikamwambia haraka ya nini. Akaondoka, akafungua chaneli yake, Ziwa Laivu. Sasa ana watazamaji hadi Oman.

Mke wangu Dorcas ameuliza tena kwa nini sisi hatuingii laivu. Nimemweleza tena, kwa upole. Sijachelewa. Nasubiri. Ni vitu viwili tofauti. Na aliyenifundisha ni baba yake mwenyewe, Mzee Ngosha, kiongozi wa ngoma ya majembe. Kwenye mashindano yetu makundi mawili hucheza uwanja mmoja, kila moja upande wake, na jua likizama, lililozungukwa na watu wengi ndilo mshindi. Wenye pupa wanamaliza nguvu mchana. Mzee Ngosha hukaa chini ya turubai anakunywa togwa. Wapinzani wakishalowa jasho na majembe yamekuwa mazito mikononi, ndipo anainuka. Umati wote unamhamia. Nimeliona hilo kwa macho yangu zaidi ya mara moja. Waache wachoke, husema mzee, mimi naingia jioni.

Basi na mimi laivu nitaingia jioni.

Dorcas kasema mtandao hauna jioni. Dorcas si mtu wa mikakati.

Jumatano, 2 Julai

Upelelezi. Nimeingia Ziwa Laivu kwa siri nione kama Annet ameanza kuchoka. Nimejifungia stoo, nimekaa juu ya gunia la mpunga, bando la nyumba nzima mkononi.

Hajachoka. Alikuwa anarusha harusi ya Magu, watu wanatuma maua na mioyo kwenye skrini. Nikajikuta natazama. Bibi harusi analia vizuri sana. Nikatazama mpaka mwisho.

Kosa dogo: nilisahau kwamba simu yangu imeandikwa jina la kampuni. Nilipoingia, jina likatokea mbele ya dunia nzima. Mashimba Burudani amejiunga! Annet akasema palepale, hewani, shikamoo baba Mashimba, karibu sana, tunafurahi kuwa nawe. Watu wakaanza kunisalimia. Mmoja wa Muscat kauliza kama banda langu bado lina kunguni.

Nimezima. Bando limekwisha. Dorcas alitaka kumpigia mama yake kwa video, akashindwa, nikasema mtandao wa siku hizi hovyo.

Alhamisi, 3 Julai

Siku kubwa! Nimekwenda Busisi ukweni, Dorcas alishatangulia asubuhi. Nimevuka daraja kwa bodaboda, nimefumba macho kwa hasira, ingawa upepo ulikuwa mzuri.

Habari ndiyo hii: Mzee Ngosha anacheza kwa mara ya mwisho. Saba Saba, uwanja wa Usagara, dhidi ya kundi la Magu. Magoti yamekataa. Baada ya hapo majembe yanatundikwa ukutani. Ngoma ya mwisho ya Mzee Ngosha! Nani hataitaka hiyo? Hapo ndipo kampuni yangu inaingia laivu, mara moja, kwa kishindo, na Annet anabaki na harusi zake.

Tatizo lilikuwa kufika kwa mzee. Kwa mila zetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Zamani nikibisha hodi, mama mkwe alikuwa anaingia ndani, mambo yanaisha. Lakini tangu aanguke kisimani na kuvunjika nyonga, anashinda kwenye mkeka uani na hawezi kuinuka. Kwa hiyo wa kujificha ni mimi. Nimekaa nje ya ua wa minyaa, mzee ndani, tunaongea kupitia majani, mbuzi mmoja amenikazia macho kama mwenyekiti wa kikao.

Nimeomba jambo moja. Siku ya ngoma, kamera iwe yangu peke yangu. Asiingie mwingine, hasa mwingine wa Bukoba. Mzee kasema sawa, neno la mkwe amelipokea.

Ndipo mama mkwe akamtuma Dorcas aje upande wangu na ujumbe. Kwamba tangu aolewe hajawahi kukosa ngoma ya mumewe hata moja. Husimama mbele, hupiga vigelegele, na mzee hulirusha jembe juu zaidi akivisikia. Safari hii hawezi kubebwa mpaka Usagara. Hana ombi jingine kwangu, ila amwone mzee siku hiyo, kwenye simu ya Dorcas.

Nikasema kwa sauti, ili asikie mwenyewe:

"Mwambieni mama atamwona kama yuko uwanjani. Nimeahidi."

Akajibu kwa kigelegele kifupi, kutoka kwenye mkeka. Nywele zimenisimama. Nimerudi nyumbani nikiwa mtu mwingine.

Ijumaa, 4 Julai

Annet kaja bandani. Kapiga magoti, shikamoo, marahaba, kakaa kwenye benchi la mbele ambalo halijakaliwa tangu pantoni. Amepata habari za kamera yangu peke yangu. Hakukasirika, na hilo ndilo linalonikera kwake.

Kasema nichukue mimi jina, nichukue sifa, lakini turushe wawili. Usagara siku ya sikukuu mtandao unakatika, mmoja akianguka mwingine awepo. Mama wa watu anasubiri. Halafu akaniuliza, kwa heshima, ni kitu gani hasa kimenichelewesha miaka yote, maana kanda ninazo, wachezaji wananijua, mkwe wangu ni Mzee Ngosha. Kama ni yeye angeshafika mbinguni.

Nimempa sababu. Kwanza, wacha wengine wawafundishe watu kutazama ngoma kwenye simu, mimi nitawakuta wameshajua. Pili, nikikaa na ngoma zangu kabatini, zinazidi kutamaniwa. Tatu, Mashimba Burudani haina haraka. Ameitikia zote kwa kichwa. Nikamwambia pia hapana, asante, siku hiyo arushe kundi la Magu akipenda, upande wetu asiuguse. Akaahidi.

Sababu ya nne sikumwambia. Naiandika hapa. Naogopa. Nikishawaonyesha ngoma kwenye simu, nani atakaa kwenye mabenchi haya? Niliyachonga mwenyewe. Nakumbuka watu walivyokuwa wanabanana, mgeni wa Kagera na mchungaji wa Misungwi wanacheka jambo moja, honi ya pantoni inalia na hakuna anayenyanyuka. Nilikuwa napenda hilo kuliko hela. Nikiingia laivu, nitakuwa nimelifunga banda kwa mkono wangu.

Basi. Nimefuta vumbi mabenchi yote.

Jumapili, 6 Julai

Baada ya ibada, majaribio. Nimesimamisha simu juu ya debe, nimebonyeza, nikawa laivu! Nimehutubia taifa. Nimezungumzia historia ya kampuni, foleni ya Kigongo, umuhimu wa subira. Mtazamaji mmoja alidumu mpaka mwisho. Nikamshukuru kwa moyo wote, nikamwomba ajitambulishe.

Dorcas akajibu kutoka jikoni kwamba ni yeye, na kwamba ananisikia mara mbili, nishushe sauti.

Nimeridhika. Chombo kinafanya kazi. Mpango wa kesho: Magu wataanza mchana na Annet atarusha. Nitamwacha. Watu watatazama, macho yatawachoka, bando litawaishia. Jua likianza kushuka mzee anainuka, nami nabonyeza. Dorcas anavuka asubuhi kwenda kumshikia mama simu.

Kaniuliza kwa nini nisibonyeze tangu mwanzo, tahadhari tu. Nimemwambia ukiwasha mapema unaonekana una shida. Kaondoka anatikisa kichwa.

Jumatatu, 7 Julai. Saba Saba

Sijui niandikeje.

Nilifika uwanjani mapema, sina lawama hapo. Umati mkubwa, watu wa Misungwi, wa Magu, hata wa Geita wameteremka na magari. Magu wakaanza saa nane. Walikuwa wazuri, nakiri. Annet upande wao, simu juu ya kijiti, anatembea nao. Upande wetu tumetulia. Nimekaa chini ya turubai na togwa yangu, simu imezimwa mfukoni, roho nyeupe.

Ghafla nikasikia njuga. Nikageuka. Mzee Ngosha amesimama, jembe mkononi. Jua bado liko juu! Nikajiambia anapasha misuli. Akaingia katikati ya uwanja. Nikajiambia anakagua ardhi. Ngoma zikaanza kulia. Nikajiambia ni hila, anawadanganya Magu, sasa hivi atarudi kukaa. Nikanywa togwa.

Umati wote ukahama. Watu waliwaacha Magu wanacheza peke yao, wakakimbilia upande wetu, wakaniangushia turubai. Jembe likaruka juu, nimeliona kupitia tundu la turubai, linazunguka hewani. Watu wakapiga kelele ya kupasua anga. Ndipo nikaelewa kwamba ndiyo yenyewe.

Kutoka chini ya turubai, muda. Kuwasha simu, muda. Simu ikataka kuniuliza maswali yake, nikabonyeza ndiyo kwa kila kitu. Nikawa laivu! Nikainyanyua juu ya vichwa vya watu, nikaishikilia kwa mikono miwili. Kumbe jicho la kamera lilikuwa linanitazama mimi. Nilipogundua na kuligeuza, mzee ameshakaa chini, anapepewa na kanga, anakunywa maji. Jembe limelazwa pembeni. Imekwisha.

Annet hakuipata hata kidogo. Alipoona umati unahama aliishusha simu yake, akasimama mikono kifuani. Alikuwa ameahidi. Hakuna mtu aliyeipata, maana nilizuia kila mtu, kisha na mimi mwenyewe sikuwapo.

Busisi, Dorcas ameniambia baadaye, mama alikaa na simu isiyo na picha tangu saa nane, kanga yake mpya kichwani, anauliza bado, anaambiwa bado. Halafu picha ikatokea. Kidevu changu. Kikubwa, kimejaa skrini nzima, na matundu ya pua. Kwa mila mama mkwe alilazimika kujifunika uso. Alipoambiwa afunue, mzee alikuwa anakunywa maji.

Nilimfuata mzee. Nilimuuliza kwa nini, baba, wewe uliyenifundisha kusubiri, leo umeingia mchana. Alinitazama kama vile swali halina maana.

"Mama yenu alikuwa anasubiri," akasema. "Nimsubirishe mpaka jioni kwa ajili ya nini?"

Tumeshinda mashindano. Sijala.

Jumanne, 8 Julai

Dorcas amebaki Busisi. Hakusema ni kwa hasira. Kasema anamwangalia mama. Nimepika ugali wangu mwenyewe. Umetoka na mabuje, nikaula hivyohivyo, nastahili.

Nimewaza kila kisingizio. Mtandao, turubai, jua. Vyote vizuri. Havinisaidii, naendelea kumwona yule mama na kanga mpya.

Nimenunua mbuzi. Mkwe akimkosea mama mkwe anapeleka mbuzi, ndivyo ilivyo. Nimempakia kwenye bajaji mpaka Busisi, nikasimama nyuma ya minyaa, nikamtuma Dorcas ampeleke ndani. Baada ya muda mbuzi karudi na ujumbe. Mama anashukuru, hana kinyongo, lakini mbuzi hachezi ngoma.

Nimerudi naye nyumbani. Amelala bandani, benchi la mbele.

Alhamisi, 10 Julai

Mzee anacheza tena! Nyumbani, uani, kwa mara ya mwisho ya kweli. Dorcas ndiye aliyemwomba. Mzee amesema magoti yana ngoma moja zaidi, fupi, kwa ajili ya mama wa nyumba tu. Wapigaji wake wamekuja na ngoma zao. Na Annet ameitwa na simu yake, arushe, ili nakala ibaki. Amepangwa na Dorcas. Mimi nimeambiwa kuhudhuria.

Nimehudhuria nje ya ua. Sikuwa na mahali pengine, mama mkwe yuko uani. Nimesimama na pawabenki mkononi, waya unapita kati ya majani kwenda kwenye simu ya Annet. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Mashimba Burudani leo, na nimeifanya vizuri.

Ngoma zikaanza. Nasikia njuga, nasikia miguu, sioni kitu. Nilimsikia mama akicheka. Nikajiambia nikae na mila yangu. Halafu nikatoa simu, nikafungua Ziwa Laivu.

Nimemwona! Mzee Ngosha, hatua kumi na tano kutoka nilipo, amekuja kwangu akipitia angani na kurudi. Anacheza taratibu, anaburuza mguu mmoja, lakini mabega yale yale. Annet akageuza kamera polepole, na kwenye mkeka kulikuwa na mwanamke mzee mwenye meno machache, anapiga makofi, machozi yanamtiririka. Sikumjua. Kisha nikajua ni nani. Nimeoa kwake siku nyingi, na sijawahi kuuona uso wake. Dorcas amechukua macho yote kwake.

Mila inasema usimtazame mama mkwe. Haisemi neno juu ya simu. Lakini niliinamisha kichwa kidogo, kwa heshima, na nikaendelea kutazama kwa jicho moja. Nililia kwa yote mawili.

Mama akapiga kigelegele. Mzee akalirusha jembe. Likapaa, likazunguka, likafika juu kabisa, na bando langu likaisha. Jembe likaganda hewani. Upande wa pili wa minyaa watu wakashangilia, kwa hiyo nadhani alilidaka.

Baadaye mama mkwe alisema neno kwa sauti, moja kwa moja, bila kumtuma mtu. Kasema mkwe wangu huyo aliyesimama juani apewe kiti na chakula. Nimekula nje ya ua, samaki na wali. Mtamu mno.

Jumapili, 13 Julai

Ngoma ya uani imetazamwa sana. Mpaka Oman wanalia. Watu wameandika maoni wakiuliza kama kuna ngoma nyingine za Mzee Ngosha, za ujana wake. Zipo. Ziko kabatini kwangu. Annet amenipigia jana, shikamoo baba, twende pamoja, kanda zako, chaneli yangu, jina lako juu. Tukutane kwake leo saa nane, watu wakiwa bado wana hamu. Dorcas amesema nikikosa safari hii, yeye haniulizi tena.

Nimefikiri usiku kucha. Na nimeelewa makosa yangu yalikuwa wapi. Niliingia mapema mno!

Hebu tazama. Kama Saba Saba nisingewasha kabisa, kidevu kisingeonekana, mama asingejifunika. Na ngoma nzuri kuliko zote ni ipi? Ya Alhamisi, iliyochelewa. Kuchelewa ndiko kulikoileta. Mzee mwenyewe kaniangusha kwa kuingia mchana, lakini yule alikuwa na mke wa kumwahi, ni suala la kifamilia, halihusiani na biashara.

Sasa watu wote wamekimbilia simu. Watachoka tu. Shingo zitawauma, bando litawashinda, watatamani tena kukaa benchi moja na mtu wa Kagera na kucheka pamoja. Nimeagiza mbao za mabenchi mapya. Mbuzi tumempa jina, Mwenyekiti.

Kikao cha Annet ni saa nane. Nitafika saa kumi na moja. Watakuwa wamelowa, mimi naingia mkavu.

Saa saba Dorcas amepita hapa na bajaji. Amebeba kabati zima, kanda zote, anazipeleka mwenyewe. Amesema wataanza na ile ya zamani ambayo mama yake amesimama mbele kabisa, kijana, anapiga vigelegele, maana mama ameiomba na anasubiri. Ameniuliza kama napanda. Nafasi ilikuwepo, pembeni ya kanda.

Nimemwambia atangulie.